Je, kiwanda kilazimishwe kutekeleza mpango wa kupunguza taka zenye sumu, au kuuandika kunatosha?

Mtoa hoja: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya Kenya ya mwaka 2022 inazitaka taasisi za sekta binafsi ziandae mpango wa taka wa miaka 3 na kutoa taarifa kila mwaka kwa NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Hoja yangu inahusu wazalishaji wakubwa wa taka zenye sumu, yaani viwanda vya ngozi, rangi, betri na viuatilifu. Sidai walazimishwe kutekeleza kila kilichoandikwa. Nadai mpango wao uandaliwe na mtaalamu mwenye leseni, uanzie kwenye uzalishaji wenyewe badala ya kuanzia kwenye pipa la taka, na uonyeshe gharama yote ya kila kemikali tangu inaponunuliwa hadi masalia yake yanapoteketezwa.

Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1989. Mpango hupitiwa upya kila baada ya miaka 2 na kuidhinishwa na mtaalamu wa mipango hiyo aliyesajiliwa, ilhali kiwanda hakibanwi kuutekeleza. Hata hivyo, lengo la kupunguza kwa nusu masalia yenye sumu lilifikiwa kabla ya miaka ya 1990 kwisha. Mwenye kiwanda anapoona kwamba kiyeyushi kilekile (kemikali ya kuyeyushia vitu vingine) anakilipia kinaponunuliwa, kinapopotea kwa mvuke na tena mabaki yake yanapochomwa, huanza mwenyewe kutafuta mbadala.

Mchangiaji: Sikubaliani nawe. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu. Mahakama iliamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikatengua, na fidia hiyo ilirejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024 tu. Kiwanda kile kilikuwa kikirejeleza betri, kazi ambayo kwenye karatasi ingesifiwa kuwa ni upunguzaji wa taka! Kilichohitajika pale ni wakaguzi wenye maabara na uthubutu wa kufunga kiwanda mapema.

Mtoa hoja: Kuhusu urejelezaji umesema kweli, na ndiyo maana mpango unapaswa kupima sumu yenyewe, si uzito wa taka peke yake. Lakini mkaguzi asiye na hesabu ya kiwanda huona kile tu anachoonyeshwa. Akiwa na hesabu ya risasi iliyoingia na iliyotoka, pengo lolote kati ya hizo mbili litamlazimu mwenye kiwanda aeleze kama imebaki ghalani au imekwenda hewani, majini na kwenye udongo wa majirani. Siri za biashara zilindwe kama kule Massachusetts, ambako mpango kamili hubaki kiwandani na serikali hupelekewa muhtasari. Ila majina ya kemikali zenye sumu na kiasi kinachotumika kila mwaka visifichwe kwa wakazi kwa kisingizio chochote.