Runinga ya Nyanya: gumzo la kikundi cha "Wana wa Bi Mwanamkuu"

Salim (Minnesota): Asalam aleikum wakubwa. Naja Malindi mwezi ujao inshallah. Kuna TV ndogo ya kubeba nimeiona huku, inchi 14, ina betri yake. Nimletee Nyanya?

Shangazi Rukia: Waaleikum salam mwanangu. Lete! Tangu ile kubwa iungue, ikifika saa moja yuko kwa jirani kusikiliza taarifa.

Ami Bakari: Salim, usilipe kwanza. Boksi limeandikwaje, ATSC au DVB-T2?

Salim (Minnesota): ATSC, ami. Na "digital" kwa herufi kubwa.

Ami Bakari: Basi iache hukohuko. Dijitali ya Marekani na ya Kenya hazisikilizani. Huku ni DVB-T2, na hiyo 2 itazameni vizuri. Yenye DVB-T peke yake haitashika kitu.

Shangazi Rukia: Yaliyonikuta mimi hayo! Duka moja mjini walinipa "digital", kufika nyumbani chenga tupu. Kumbe ndani ni analogi, na analogi tuliizika 2015 😂

Zuhura: Si hiyo ya Salim iunganishwe na king'amuzi cha zamani kwa waya wa HDMI?

Ami Bakari: Itaonyesha, Zuhura, lakini king'amuzi nacho kinataka umeme wake. Kwa Nyanya ni sola. Tununue Mombasa, inayoingia volti 12, ichomekwe kwenye betri ya sola moja kwa moja bila inverta kuila chaji. Na wawashe palepale dukani, watafute stesheni mpaka KBC na Citizen zitoke zote mbili. Hazirushwi na mtambo mmoja: KBC inarushwa na kampuni ya Signet, Citizen na kampuni ya ADN. Ikitoka moja msiseme imeshika.

Zuhura: Na kile kiantena cha sumaku?

Ami Bakari: Chini ya mabati yale? Mtatazama chenga za Shangazi. Hakikisheni ina tundu la antena ya nje, mlingoti nitausimamisha mwenyewe.

Salim (Minnesota): Basi nitume pesa.

Shangazi Rukia: Tuma kwa Bakari. Kwangu zitageuka unga 🙈

Zuhura: Niko na Nyanya hapa, nimemsomea yote. Anauliza: "Hiyo ya kubeba, itabebwa na nani? Ile ya kwanza miaka yote iliokolewa na uzito wake."

Ami Bakari: Mwambie nakuja na mnyororo.