Mjadala: DAM walikosea kuimba mauaji ya wanawake?

Mleta mada
Wakuu, DAM ni marapa wa Kipalestina kutoka Lod, mji ulio ndani ya Israel. Wengi waliwajua kwa "Min Irhabi" ya 2001, inayouliza gaidi hasa ni nani. Mwaka 2012 wakatoa "If I Could Go Back in Time" pamoja na mwimbaji Amal Murkus, kuhusu binti anayeuawa na familia yake kwa kisingizio cha heshima. Video ilifadhiliwa na UN Women, shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake. Wasomi Lila Abu-Lughod na Maya Mikdashi wakawakosoa katika jarida la Jadaliyya: dola haimo, polisi hawamo, muuaji amebaki kuwa "mila" tu. Niko upande wa wakosoaji hao. Rap iliyokua kwa kuikabili dola, ikiifuta dola, inageuka tangazo la shirika.

Mchangiaji wa kwanza
Hoja ya fedha haisimami, mkuu. Albamu yao "Dedication" ya 2006 tayari ina wimbo wa uhuru wa wanawake, wakiwa na Safa Hathoot wa Arapeyat, kundi la wasichana wa Akka. UN Women iliundwa 2010. Mfadhili aliikuta mada ipo. Tena DAM walijibu ukosoaji ule hadharani, hawakujificha. Na tusisahau Waarabu wa Lod ni raia wa Israel: binti akitishiwa nyumbani, kituo cha polisi cha kukimbilia ni cha dola hiyohiyo.

Mleta mada
Basi hicho kituo kiko wapi kwenye wimbo?

Mchangiaji wa pili
Hakipo kwa sababu ya muundo, nadhani, kuliko siasa. Wimbo unaanza na kifo, unarudi nyuma hadi kuzaliwa. Ukisimulia kinyumenyume, kila tukio linajibu swali moja: kabla ya hapa kulitokea nini? Jibu linabaki ndani ya nyumba, ndugu kwa ndugu. Nafasi nayo ni finyu: kwa mdundo wa mapigo 90 kwa dakika, baa 16 (ubeti wa kawaida wa rap, kila baa mapigo manne) zinaisha kwa sekunde 43 hivi. Ukiingiza polisi na historia ya mji, uzi wa kurudi nyuma unakatika na msikilizaji anapotea. "Min Irhabi" haina tatizo hilo, maana inamsemesha mtawala moja kwa moja.

Dawa ilikuwepo: kuacha ubeti mmoja nje ya mfuatano, wa mtu anayepokea malalamiko na kuyaweka kabatini. Wimbo ungepungua makali, lakini swali la mleta mada lingejibiwa.

Mchangiaji wa tatu
Mnahesabu maneno tu. Muqata'a wa Ramallah, aliyekuwa katika kundi la Ramallah Underground, anafanya upinzani karibu bila maneno: anasampo (anachukua vipande vya) muziki wa zamani wa Kiarabu, anaukatakata, anauvuruga. Wanaojaribu njia hiyo hukwama kwenye maqam, yaani skeli za muziki wa Kiarabu. Rast, mojawapo ya maqam hizo, ikianzia C ina noti ya tatu na ya saba zinazoangukia kati ya vitufe vya kinanda. Ukiweka besi ya kawaida kwenye noti hizo, vinagombana. Iache besi kwenye C, F na G. Ototyuni, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, nayo zima kabisa. Ikiwa kwenye skeli ya noti 12 huvuta sauti hadi kitufe cha karibu na Rast inakufa. (Ndiyo maana rap nyingi "yenye ladha ya Kiarabu" inasikika kama tangazo la hoteli.) Kusema rap ya kupinga lazima itaje dola ni kumfuta mtu kama huyu.

Mleta mada
La fedha nimelipokea. La Muqata'a halihusiki: yeye hajamtaja muuaji yeyote, DAM wamewataja baadhi na kuwaacha wengine. Na kama ubeti mmoja ungetosha, mchangiaji wa pili, basi muundo si kisingizio.