Naomba ushauri: mwekezaji anataka kiwanja chetu cha Kariakoo

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nyumba yetu ya urithi ipo Kariakoo, ile ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na uwani nyuma. Majirani wa pande zote mbili wameshapandisha maghorofa. Sasa amekuja mwekezaji: abomoe, ajenge ghorofa nane kwa fedha zake, sisi ndugu watano tupewe fleti mbili na fremu moja ya duka ya chini.

Kaka, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, anataka tusaini mwezi huu. Mimi nasita. Mama ana miaka 71, anauza vitumbua barazani kila asubuhi, na wateja wake ndio wanaomjulia hali. Huko juu ghorofa ya tano atakaa na nani? Tena tangu lile jengo la Kariakoo liporomoke Novemba 2024, silali vizuri.

Mlioingia ubia wa namna hii, hati ya kiwanja ilibaki kwa jina la nani wakati wa ujenzi? Kodi ya mlikohamia alilipa nani? Na hati za fleti, kwa ile sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, mlipewa kweli au bado mnazungushwa?