MREJESHO: Kikombe cha ekseli ya baiskeli ya Peugeot PX-10 kimefunguka

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza jinsi ya kufungua kikombe cha gololi upande wa kulia, pale ekseli ya pedeli inapopita, kwenye Peugeot PX-10 niliyoikuta kwenye soko la vitu vya zamani hapa Lyon.

Ushauri uligawanyika. Wengine walisema nizungushe kufuata mshale wa saa, na kwa baiskeli yenye hesi (mikato ya skrubu) za Kiingereza hivyo ndivyo. Aliyesema hesi za Kifaransa ni za kulia pande zote mbili, yaani zinafunguka kinyume cha saa (kipenyo 35 mm, nafasi kati ya hesi 1 mm), alipatia. Asante sana mkuu!

Spana ilikuwa inateleza tu. Nikamwagia mafuta ya kulegeza kutu, nikakiacha kilale, kisha nikakibana kikombe chenyewe kwenye jiliwa na kuzungusha fremu nzima kinyume cha saa. Kililia kraa, rangi ikabanduka kidogo pembeni, kikaachia. Ndani grisi imeganda kama ulimbo, ila njia ya gololi haina shimo hata moja. Kinarudi kilekile.

Breki za Mafac zimesafishika vizuri. Kihamisha mnyororo cha Simplex, kile cha plastiki, kimepasuka, kawaida yao.

Sasa natafuta pedeli za 14 mm kwa 1.25. Za inchi 9/16 msinishauri, zitachana hesi za mikono ya pedeli ya Stronglight. Mwenye nazo aje PM (ujumbe wa faragha).