Makutupora nyekundu kwa biodainamiki: pembe zifukiwe lini, na ubwiri tufanyeje?

Shamba_Hombolo:
Wakuu, habari za kazi. Nina ekari moja ya zabibu za Makutupora nyekundu na nusu ekari ya zabibu nyeupe za Chenin Blanc, miche ya miaka minne, umwagiliaji wa matone. Nataka kuhamia biodainamiki (kilimo hai kinachotumia maandalizi kama samadi iliyofukiwa ndani ya pembe za ng'ombe) na sehemu ya mavuno nisindike mwenyewe. Maelekezo yote ninayoyaona ni ya nchi za baridi: fukia pembe za samadi kabla ya kipupwe, fukua majani yanapoanza kuchipua. Sisi Dodoma mzabibu haulali, tunavuna mara mbili kwa mwaka. Nifuate kalenda ipi? Na kudhibiti ubwiri (ugonjwa wa ukungu) bila dawa kali inawezekana?

Nguzo_na_Waya:
Karibu mkuu. Achana na tarehe za Ulaya, fuata unyevu wa udongo. Pembe zinahitaji kama miezi sita kwenye udongo wa ubaridi usiokauka. Mvua zetu ni Desemba hadi Aprili, kwa hiyo fukia mwanzoni mwa Aprili, fukua mwishoni mwa Septemba. Shimo la sentimita 50 hivi, chini ya kivuli, udongo uliochanganywa na mboji. Liwe mbali na kichuguu, la sivyo mchwa watakutangulia kwenye samadi. Tumia pembe za ng'ombe jike aliyekwisha kuzaa, samadi mbichi ya ng'ombe wa malisho, midomo ya pembe ielekee chini zisijae maji. Kuanzia Juni mwagia shimo ndoo moja kila linapoanza kukauka.

Ukifukua, samadi iwe imegeuka ya kahawia iliyokolea, laini, yenye harufu ya udongo wa msituni. Ikiwa bado ina ukijani na inanuka zizi, ama shimo lilikauka ama lilituama maji. Irudishe chini.

Kwa ekari: gramu 40 za samadi hiyo kwenye lita 14 za maji ya mvua, vuguvugu kidogo. Koroga saa nzima, upande mmoja mpaka katikati ya maji pafanye shimo refu, kisha geuza ghafla upande wa pili. Nyunyiza jioni hiyo hiyo kwa matone makubwa, chini kwenye udongo uliolowa. Wakati mzuri ni baada ya mvua za kwanza za Desemba, na tena baada ya kupogoa kiangazi ukishamwagilia.

Ile dawa nyingine ya biodainamiki, ya unga wa kwazi, aina ya jiwe gumu (gramu 1.5 kwa ekari, ukungu mwembamba juu ya majani alfajiri) mimi ningeiweka pembeni. Kazi yake inasemwa ni kuongeza nguvu ya mwanga, na mwanga Dodoma haujawahi kupungua.

Tuseme ukweli pia: ushahidi wa kisayansi kuhusu pembe ni hafifu. Kwenye mchanga wetu mabadiliko utakayoyaona yanatokana na mboji, tani 4 hivi kwa ekari kwa mwaka, na matandazo. Matandazo yakae kiganja kimoja mbali na shina, kwa sababu ya mchwa hao hao.

Mama_Vishada:
Kuhusu ubwiri, tofautisha kwanza. Ubwiri vinyoya (madoa ya manjano kama mafuta juu ya jani, manyoya meupe chini yake) unataka jani lililolowa, kwa hiyo ni wa zao la mvua. Ubwiri unga hauhitaji mvua, utakusumbua hata kiangazi.

Demeter (wanaotoa vyeti vya biodainamiki) wanaruhusu wastani wa kilo 3 za shaba halisi kwa hekta kwa mwaka. Kwa ekari ni kilo 1.2, yaani kilo 2.4 za unga wa shaba wa asilimia 50, na hiyo ni kwa mavuno YOTE MAWILI. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Itumie yote kwenye zao la mvua, kidogo kidogo, kabla mvua haijanyesha. Shaba inakinga, haiponyi. Kiangazi tegemea salfa, gramu 3 kwa lita, jioni tu, kwani joto likipita nyuzi 30 inababua majani. Acha salfa wiki tano kabla ya kuvuna, vinginevyo pipa litanuka mayai viza.

Punguza majani kuzunguka vishada upande wa jua la asubuhi. Upande wa jioni usiguse.

Shamba_Hombolo:
Asanteni sana. Na macho ya matawi kuchipua kwa kupishana, mengine mapema mengine kwa kuchelewa, nifanyeje? Dawa ya kuamsha macho nadhani hairuhusiwi.

Nguzo_na_Waya:
Hairuhusiwi. Kata maji wiki tatu kabla ya kupogoa, pukutisha majani yaliyobaki, pogoa fupi kwa macho mawili, kisha mwagilia kwa wingi. Ukiacha tawi refu, macho ya ncha yataamka na ya katikati yatabaki yamelala.

Pipa_Tupu:
Kwa mvinyo wako chukua mavuno ya Agosti-Septemba. Ya Februari-Machi yananywa mvua, yanaoza kirahisi, na usiku hauna ubaridi wa kukusaidia.

Vuna kabla ya saa 3 asubuhi, sukari ikiwa Brix (kipimo cha sukari kwenye maji ya zabibu) 22 hadi 23. Ukingoja zaidi, asidi inaanguka, na pH (kipimo cha asidi, hupanda asidi ikipungua) ikipita 3.8 salfaiti, kinga ya mvinyo usiharibike, inakuwa dhaifu. Hamira iwe ya shambani: siku tano kabla, ponda kilo 5 za zabibu safi kwa kila kilo 100 utakazovuna. Ikichemka vizuri ndiyo kianzio chako. Ikinuka siki au gundi, mwaga. Wakati wa kuponda weka metabisalfaiti ya potasiamu gramu 5 kwa lita 100, ambayo ni kama miligramu 30 za salfa dayoksaidi kwa lita.

Zamisha makapi (maganda yanayoelea juu) mara tatu kwa siku, joto libaki nyuzi 25 hadi 28. Likifika 35 hamira inakufa, sukari inabaki, na bakteria wa siki wanapata kazi. Chupa za maji yaliyoganda ndani ya pipa zinatosha kwa kiasi kidogo. Kamua siku ya 6 au 7 usivute ukali wa mbegu. Haidromita (kipimo cha uzito wa kimiminika) ikisoma 0.995 siku tatu mfululizo, sukari imekwisha. Hamisha uache mashapo, ujaze chombo mpaka shingoni. Mvinyo wa lita 150 usiuache kwenye pipa la 200, ugawe kwenye madumu ya glasi yanayojaa.