Nyumba ya kupanga: jiko la mkaa, koili ya mbu na ukungu ukutani. Nianzie wapi kusafisha hewa ya ndani?

Mpangaji_Tabata

Habari zenu wadau. Nyumba ipo Tabata, Dar es Salaam: vyumba viwili na stoo ndogo ya uani ambayo ndiyo jikoni. Stoo ni mita 2 kwa 3, dari mita 2.7, mlango mmoja, dirisha moja la nusu mita kwa nusu mita lenye wavu. Mkaa ndio unaopikia chakula kikubwa. Mtungi wa gesi wa kilo 6 upo ila ni wa chai na kupasha. Jiko la mkaa linawashwa nje, moshi ukikata linaingizwa ndani. Chumba cha kulala ni mita 3 kwa 3.5, wanalala watatu, koili inawaka usiku kucha na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu. Nyuma ya kabati ukuta umeota ukungu mweusi na rangi inabanduka, masika ndiyo zaidi. Mtoto wa miaka mitatu anakohoa usiku.

Naomba kujua: mashine ya kusafisha hewa yenye HEPA (kichujio cha vumbi laini sana) itasaidia? Feni ya kutoa hewa ya inchi 6 pale stoo inatosha? Na ule ukuta upakwe rangi gani? Bajeti ni laki tatu, na mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe ovyo.

Mizani

Mkuu, mashine iache kwanza. Tatizo lako kubwa ni hilo jiko linaloingizwa ndani "moshi ukikata". Moshi ni chembechembe, na hizo kweli hupungua mkaa ukishika. Kaboni monoksaidi, ambayo ni gesi ya sumu, haipungui. Hewa inayoingia chini ya jiko inakutana na mkaa mwekundu na kuwa kaboni dioksaidi. Ikipanda kupitia kaa la moto la juu, sehemu yake inageuka kuwa kaboni monoksaidi. Vile vimiali vya bluu vinavyochezacheza juu ya mkaa ni gesi hiyo ikiungua. Ukiweka sufuria vinapoa na kuzimika, gesi inatoka mbichi. Haina rangi wala harufu.

Tupige hesabu ya stoo yako. Kilo moja ya mkaa hutoa takriban gramu 200 za gesi hii, wakati mwingine zaidi. Ukichoma gramu 300 kwa saa moja, ni gramu 60, yaani miligramu 60,000. Stoo ina mita za ujazo 16.2. Hata hewa yote ikibadilishwa mara 10 kwa saa, ambayo si haba, utabaki na kama miligramu 370 kwa kila mita ya ujazo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa saa moja ni 35. Ili ufike 35 unahitaji kubadilisha hewa zaidi ya mara 100 kwa saa. Hakuna feni ya inchi 6 ya kufanya kazi hiyo.

HEPA nayo hukamata chembechembe tu. Gesi inapita kama maji kwenye chekeche.

Kwa hiyo jiko la mkaa libaki uani, chini ya kibanda kilicho wazi pande mbili au zaidi, na lisiwe chini ya dirisha la chumba cha kulala. Na likishapikia lisiingizwe ndani "limalizikie". Mkaa uliofunikwa na majivu unaendelea kutoa gesi kwa saa kadhaa.

FundiBati

Naongeza kwa upande wa ufundi, maana mvua ikinyesha watu watarudi ndani tu, tusidanganyane.

Kama ni lazima kupikia mkaa ndani, dawa ni kofia ya bati juu ya jiko na bomba la kutolea nje. Watu wengi hukosea hapa: wanaweka bomba la inchi 4. Hilo linafaa jiko lililofungwa pande zote lenye bomba lake. Chini ya kofia iliyo wazi, bomba linavuta pia hewa nyingi ya chumba, kwa hiyo panahitajika kama inchi 8, la sivyo moshi unajaa kwenye kofia na kumwagikia pembeni. Mdomo wa kofia uzidi jiko kwa sentimita 15 kila upande, na ushuke kadiri mpishi anavyoweza kukoroga bila kugonga kichwa.

Kuhusu kutoboa ukuta: pitisha bomba dirishani, ondoa kioo kimoja na uweke kipande cha bati kilichokatwa tundu. Kona ziwe za nyuzi 45. Kona ya nyuzi 90 inaua mvuto. Juu, bomba lizidi kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa sentimita 60, vinginevyo upepo wa paa unarudisha moshi ndani. Bomba la PVC usithubutu. Linalainika kabla hata ugali haujaiva.

Na hii ni muhimu: usiweke kofia yenye bomba NA feni ya kutoa hewa kwenye chumba kimoja. Feni ina nguvu kuliko bomba. Itavuta hewa kupitia bomba lenyewe, na moshi utashuka badala ya kupanda. Chagua kimoja.

Kwa laki tatu, mimi ningeachana na kofia. Hamishia chakula kikubwa kwenye gesi, halafu hiyo feni ya inchi 6 itakuwa na kazi inayoiweza. Gesi ikiungua vizuri hutoa kaboni monoksaidi kidogo sana ukilinganisha na mkaa, ila hutoa naitrojeni dioksaidi, gesi inayowasha mapafu, na mvuke mwingi, kwa hiyo hewa bado inatakiwa itoke. Feni ikae juu, upande ulio mbali na mlango, na chini ya mlango pabaki uwazi wa sentimita 2 au 3. Bila pa kuingilia hewa, feni inazunguka tu. Kile kiwango kilichoandikwa kwenye boksi kimepimwa bila kizuizi. Ukifunga na wavu wenye mafuta na vumbi, hesabu nusu yake.

Mwali uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na masufuria yanapata masizi, toa kichwa cha bana, zibua matundu kwa sindano, angalia na tundu la kuingizia hewa chini. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira. Likitoa mapovu, funga. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni, ndiyo maana ule uwazi wa chini ya mlango una kazi mbili.

BiUkuta

Nijibu la ukungu. Rangi isije kwanza. Kwanza ujue maji yanatoka wapi.

Safisha kipande cha ukuta, bandika nailoni ya sentimita 45 kwa 45 kwa gundi ya utepe pande zote nne, bila upenyo, iache siku nzima. Nailoni ikilowa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ikilowa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa ya ndani unaoganda kwenye ukuta uliopoa. Pande zote mbili? Basi una matatizo mawili, na kwa nyumba za Dar si ajabu.

Maji ya ndani ya ukuta yana asili tatu. Bomba la bafu la jirani: doa halijali msimu. Mvua inayopiga ukuta wa nje au kumwagika kutoka paa lisilo na mfereji: doa huanzia juu au katikati na hukua masika. Maji yanayopanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa nailoni: doa huanzia chini, ni nadra kuzidi mita moja na kidogo, na mara nyingi lina unga mweupe. Unga huo ni chumvi. Tofali au lipu ikichanganywa na mchanga wa bahari ndiyo kabisa, kwa sababu chumvi inanyonya unyevu hewani hata kiangazi.

Wanachofanya wengi ni kufunika kwa rangi ya mafuta. Inang'aa miezi miwili, halafu inatuna kama andazi, maana maji yaliyomo ndani hayana pa kutokea. Ukuta unatakiwa upumue. Bandua rangi iliyolegea, ila ukiwa umeilowesha, na watoto wasiwepo. Rangi ya mafuta ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Sugua ukungu kwa maji ya sabuni na brashi, kausha kwa feni, kisha paka chokaa: kilo moja kwa lita mbili hivi za maji, ilale usiku, ichujwe, mikono mitatu miepesi, siku moja kati ya mkono na mkono. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, kwa hiyo usiwe mvivu kwenye kubandua. Ukali wake wenyewe ukungu hauupendi. Vaa glavu na miwani, inachoma macho.

Jik inang'arisha doa lakini haiingii ndani ya lipu, ukungu unarudi. Na kamwe usiichanganye na dawa ya kusafishia choo: inatoa gesi ya klorini, na bafu dogo hujaa upesi.

Kabati lisogezwe sentimita 10 kutoka ukutani na liinuliwe kwa vipande vya tofali. Nguo mbichi zisianikwe chumbani. Kama unyevu uko ndani ya ukuta, hiyo gharama ni ya mwenye nyumba, mpigie picha ya ile nailoni.

Upepo_wa_Kusi

Naona wote mmeiruka koili, na kwa mtoto anayekohoa usiku mimi ningeanzia hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima koili za China na Malaysia: koili moja ikiungua yote hutoa chembechembe laini sawa na sigara 75 hadi 137, kutegemea aina. Hiyo ndani ya chumba kilichofungwa, kila usiku. Mtoto ni mvutaji kuliko babu yake.

Chandarua chenye dawa kwa kila kitanda, kichomekwe chini ya godoro, na wavu madirishani. Hapo madirisha yanaweza kubaki wazi. Wavu uoshwe kila mwezi. Wavu wa barabara ya vumbi huziba mpaka hewa haipiti na watu wanalaumu joto. Yale matundu ya hewa juu ya madirisha ambayo watu huziba kwa magazeti, zibueni, muweke wavu.

Mizani kapiga hesabu ya stoo, mimi nipige ya chumba. Watu watatu waliolala hutoa jumla ya kama lita 36 za kaboni dioksaidi kwa saa. Chumba kina mita za ujazo 28. Hewa ikibadilika mara moja kwa saa, kipimo kinatulia karibu 1,700 ppm (sehemu kwa kila sehemu milioni za hewa). Ikibadilika mara tatu, karibu 850, wakati nje ni 420 hivi. Dirisha moja likiwa wazi na upenyo juu ya mlango wa upande wa pili, mara tatu si ngumu kwa upepo wa pwani. Pangaboi halileti hewa mpya, linazungusha ileile. Kiyoyozi cha split vilevile.

Udi na ubani pia, kwa wanaofukiza: chetezo ni jiko dogo la mkaa. Fukizeni dirisha likiwa wazi, kisha chetezo kitoke nje kabla ya kulala.

Na mtoto huyo, mhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa umri wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 na kuendelea, au kifua kinachobonyea ndani akivuta hewa, ni kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Mpangaji_Tabata

Asanteni sana. Nimeelewa mkaa utoke. Shida ni maharage, kwa gesi mtungi wa kilo 6 unaisha mbio. Pia nimeona dukani vifaa viwili: kengele ya kaboni monoksaidi, na kile kidude kinachoonyesha CO2 (kaboni dioksaidi), vumbi na harufu vyote pamoja kwa bei ndogo. Nichukue kipi?

FundiBati

Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji, tumia sufuria ya presha ya umeme. Nusu kilo haimalizi nusu yuniti. Kwa bei ya takriban shilingi 350 kwa yuniti ni chini ya shilingi 180. Linganisha na mkaa wa saa tatu. Sufuria yenyewe ndiyo itakayokula bajeti yako, kwa hiyo feni isubiri kwanza, pikia mlango ukiwa wazi.

Mizani

Chukua kengele, tena ile iliyoandikwa EN 50291, kiwango cha Ulaya cha kengele hizi. Kwa 300 ppm inalia ndani ya dakika 3, kwa 100 kati ya dakika 10 na 40, kwa 50 kati ya 60 na 90. Usishangae isipolia kwa kiwango kidogo, haikutengenezwa kwa hilo, na usiifanye kibali cha kuingiza jiko ndani. Chumbani ikae usawa wa kichwa cha aliyelala. Angalia tarehe ya mwisho nyuma yake, sensa inachakaa hata isipotumika. Ikilia, watu watoke nje kwanza, mengine baadaye.

Kile kidude cha bei ndogo kipime palepale dukani: pulizia marashi karibu nacho. Namba ya CO2 ikiruka, hakipimi CO2, kinakisia kutokana na harufu. Kirudishe kwenye rafu.