Miaka 99 ya kambi ya Diego Garcia: Wachagosi waliulizwa lini?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, naleta mbele yenu mkataba ambao Uingereza na Morisi zilitia saini tarehe 22 Mei 2025. Mkataba huo unaitambua Morisi kuwa ndiyo yenye mamlaka juu ya Visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi, lakini unaiachia Uingereza madaraka juu ya kisiwa kikubwa kuliko vyote, Diego Garcia, kwa muda wa miaka 99, ili kambi ya kijeshi ambayo Uingereza na Marekani huitumia pamoja iendelee kuwapo. Kwa mujibu wa mkataba, Uingereza italipa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Ninalouliza ni hili: je, ni halali ushirikiano wa Uingereza na Marekani kuhuishwa kwa karne nzima bila ridhaa ya Wachagosi, watu wa visiwa hivyo waliohamishwa kwa nguvu ili ushirikiano huo uanze? Mimi nasema si halali, na nasema hivyo nikikubali kwamba Morisi ilikuwa na haki kamili ya kudai visiwa vyake.

Mwezi Septemba 1965, wakati wa mazungumzo ya uhuru wa Morisi mjini London, Waziri Mkuu Harold Wilson alikutana na kiongozi wa Morisi, Seewoosagur Ramgoolam. Kabla ya kikao, katibu wake alimwandikia kwamba shabaha ni kumtisha mgeni huyo kwa matumaini: atumaini kupata uhuru, na aogope kuukosa asipokuwa na busara katika suala la Chagos. Tarehe 8 Novemba mwaka huohuo Chagos ikamegwa, pamoja na visiwa vitatu vya Shelisheli, likaundwa koloni jipya wakati makoloni mengine yakipandisha bendera zake. Morisi ikapewa pauni milioni 3. Mwezi uliofuata Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaka Uingereza isiimege nchi hiyo, nayo haikusikiliza. Tarehe 30 Desemba 1966 London na Washington zikabadilishana hati za kuitumia Chagos kijeshi kwa miaka 50, na 20 ya ziada. Hadharani Marekani ilionekana hailipi kitu. Kwa siri ilikuwa imekubali kuisamehe Uingereza dola milioni 14 katika gharama za Polaris, makombora ya nyuklia ya Kimarekani.

Visiwa hivyo vilikuwa na watu. Wazee wao waliletwa na Wafaransa kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 wakiwa watumwa, wengi wao kutoka Msumbiji na Madagaska, na vizazi vyao vikaishi kwa minazi: kufua nazi, kuzivunja, kukausha mbata, kazi ambayo msomaji wa Tanga, Mafia au Kilifi hahitaji kuelezwa. Maofisa wa London walipanga kuuambia ulimwengu kwamba hao ni vibarua wa msimu tu, wasio na kwao pale. Kuanzia 1968, mtu aliyekwenda Morisi kutibiwa na kisha akataka kurejea aliambiwa kwamba hakuna meli ya kumrudisha. Mwaka 1971 ikawa zamu ya waliobaki Diego Garcia. Mbwa wao walikusanywa na kufungiwa ndani ya banda la kukaushia mbata, wakauawa kwa moshi wa magari, na wenye mbwa hao wakapakiwa melini, wakaacha nyumba zilivyo. Kufikia 1973 visiwa vyote vilikuwa vitupu. Kati ya watu 1,500 na 2,000 walitupwa Morisi na Shelisheli, bila kazi na bila makazi.

Hilo ndilo jiwe la msingi la kambi ile. Ndege za kivita za Marekani aina ya B-52 zimeruka kutoka pale kwenda kupiga Irak mwaka 1991, Afghanistan mwaka 2001, na Irak tena mwaka 2003. Mwaka 2008 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, David Miliband, alilazimika kuliambia Bunge kwamba ndege mbili za Marekani zilizobeba wafungwa kwa siri zilitua pale mwaka 2002, jambo ambalo serikali yake ilikuwa imelikanusha. Mshirika mwenye ardhi hakuwa akijua, au hakuambiwa, yanayofanywa na mshirika mwenye kambi. Naomba wanaousifu uhusiano huu kuwa wa kuaminiana walizingatie hilo.

Sasa mkataba wa 2025 unasema Morisi inaweza kuwarudisha watu katika visiwa vingine vya Chagos, isipokuwa Diego Garcia, na kwamba Uingereza itatoa pauni milioni 40 kwa mfuko wa Wachagosi. Kwenye meza ya majadiliano walikaa wajumbe wa serikali mbili, na Marekani ikishauriwa kando. Wachagosi waliyasoma matokeo kama sisi tulivyoyasoma.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, historia uliyoieleza haina ubishi, na mimi pia inanichoma. Lakini naomba kutofautiana nawe katika hitimisho, kwa sababu unaiweka rehani haki ya nchi nzima ya Kiafrika.

Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikiongozwa na Jaji Abdulqawi Ahmed Yusuf wa Somalia, ilitoa maoni kwa kura 13 dhidi ya 1 kwamba kuondolewa ukoloni Morisi hakukukamilika kisheria na kwamba Uingereza iondoke upesi iwezekanavyo. Kura moja iliyopinga ilikuwa ya jaji Mmarekani. Mwezi Mei mwaka huo Baraza Kuu liliunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6. Umoja wa Afrika ulisimama na Morisi mahakamani kwa sababu kanuni iliyokuwa ikitetewa ni ya bara zima: mkoloni hana ruhusa ya kukata kipande cha nchi usiku wa kuamkia uhuru. Wapo Wachagosi, hasa walioko Crawley huko Uingereza, ambao wangependa visiwa vibaki chini ya Uingereza. Tukiwapa kura ya turufu, tutakuwa tumempa mkoloni njia ya kubaki kwa kuwatumia watu aliowadhulumu mwenyewe. Angalieni pia jinsi Washington ilivyoyumba: serikali ya Rais Biden ilikaribisha makubaliano, serikali ya Rais Trump ikayakubali mwaka 2025, kisha Januari 2026 Trump mwenyewe akayaita upumbavu mkubwa. Katika hali hiyo, Waziri Mkuu wa Morisi Navin Ramgoolam, mwana wa yule aliyetishwa mwaka 1965, alifanya vyema kuchukua kilichopatikana.

Mchangiaji wa pili, Mombasa

Nina nyongeza fupi. Sisi Kenya tuna wanajeshi wa Uingereza Nanyuki, Laikipia, na Wamarekani Manda, Lamu, ambako al-Shabaab walishambulia Januari 2020 na kuua Wamarekani watatu. Wapo wanaowataka na wapo wasiowataka. Hata hivyo mkataba wetu wa ulinzi na Uingereza wa mwaka 2021 ulipelekwa bungeni, wananchi wakatoa malalamiko yao, na wabunge wakaulizwa. Mwenyeji anaweza kusema masharti yake. Sioni kwa nini Mchagosi anyimwe jambo ambalo mtu wa Laikipia analo, hata kama analipata kwa shida.

Mleta mada anajibu

Namshukuru mchangiaji wa kwanza kwa kunilazimisha kutenganisha mambo mawili. Sitaki Wachagosi wapige kura ya kuamua kama Chagos ni ya Morisi au ya Uingereza. Hilo Mahakama imekwisha kulieleza, na ningeshangaa Mwafrika yeyote akitaka lifunguliwe upya. Haki ninayoizungumzia ni ya mtu kurudi alikozikwa babu yake, na hiyo haikuwa mali ya Uingereza kuiuza wala ya Morisi kuikodisha. Serikali inaweza kukodisha kisiwa. Haiwezi kukodisha pamoja nacho haki ya watu kuishi humo, kwa miaka 99, na kupokea kodi kwa niaba yao.

Hoja ya usalama, ambayo ndiyo husemwa kila mara kuwazuia wasirudi Diego Garcia, ina udhaifu unaoonekana kwa macho. Kambini hawaishi askari peke yao. Kwa miaka mingi wamekuwapo mamia ya wafanyakazi raia wa mikataba, wengi wao kutoka Ufilipino, wanaopika, wanaofua na wanaotengeneza mitambo. Ikiwa raia wa Ufilipino anaweza kulala kisiwani bila kuhatarisha ndege za Marekani, Mchagosi anahatarisha nini? Tangu 2006 vikundi vya Wachagosi vimekuwa vikiruhusiwa kwenda kwa siku chache kusafisha makaburi na kusali, kisha hurudishwa walikotoka. Ruhusa yenyewe inathibitisha kwamba si watu wa hatari.

Wala wasiseme kwamba suala hili lilikwisha mahakamani Uingereza. Olivier Bancoult, kiongozi wa Wachagosi walioko Morisi, alishinda kesi ya haki ya kurudi katika Mahakama Kuu mwaka 2000. Mwaka 2004 serikali ikaufuta ushindi huo kwa amri ya Malkia, bila mjadala bungeni, na mwaka 2008 majaji watatu dhidi ya wawili wakaiacha amri isimame. Mwaka 2010 eneo lote likatangazwa hifadhi ya bahari, hatua ambayo mwaka 2015 jopo la usuluhishi wa sheria ya bahari lilisema ilikiuka wajibu wa Uingereza kwa Morisi. Kila mlango ulipofunguka, umefungwa kwa njia nyingine.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la wazi. Wachagosi walioko Morisi, Shelisheli na Uingereza wachague wawakilishi wao, na wawakilishi hao wawe na sauti katika mambo matatu: nani ataishi Diego Garcia nje ya uzio wa kambi, nani atapewa kwanza kazi za kiraia ndani ya kambi, na mfuko wa pauni milioni 40 utasimamiwa na nani. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloipunguzia Morisi mamlaka yake au kuizuia ndege kuruka. Mchangiaji wa kwanza, ningependa kusikia kutoka kwako: katika hayo matatu, ni lipi unaloona Morisi haiwezi kulikubali, na kwa sababu gani?